Kufunga darubini kwenye bunduki: pete au kiti kimoja, reli bapa au ya mwinamo, MOA au mili?

Binamu yangu anafanya kazi na kampuni ya uwindaji wa kitalii huko Rungwa, Tanzania. Majuzi alinitumia picha ya darubini mpya ya bunduki ikiwa bado ndani ya boksi, na chini yake akaandika: "Kaka, nifunge kama ulivyofunga yako?"

Nikamjibu, "Hapana binamu, usithubutu."

Mimi naishi Ohio, na bunduki yangu ina kazi moja tu: nalala kifudifudi, naiegemeza, natoboa karatasi iliyo umbali wa yadi 1,000. Inatumia risasi ya .308 Winchester. Ya kwake ni .375 H&H Magnum, risasi iliyokuwapo tangu 1912, na anaibeba kwa sababu mgeni akimjeruhi nyati, yeye ndiye anayeingia kichakani kumalizia. Shabaha yake ya mbali kabisa ni mita 200, na ya karibu ni hatua kumi na tano, tena inakuja mbio. Tungeweza kununua darubini ile ile dukani, lakini kila uamuzi unaofuata baada ya hapo ungekuwa tofauti.

Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili yake na kwa wengine walio katika hali kama zetu: waongozaji na wawindaji wenye vibali Tanzania, na sisi tulio Marekani, Kanada na Ulaya tunaopiga shabaha au kuwinda paa kwa leseni. Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo huko suala hili linawahusu wapiga shabaha wa michezo.

Kabla ya kushika spana yoyote, toa bolti, hakikisha chemba ni tupu kwa jicho na kwa kidole, na risasi zikae chumba kingine.

Kinachoshika: pete mbili, kiti kimoja, au cha kuchomoa

Watu wengi hununua kioo kwa pesa nyingi, kisha wanakifunga kwa pete za bei ya chakula cha mchana. Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha tabia moja tu ya wapiga shabaha wapya, ingekuwa hiyo. Kioo kizuri kilichoshikwa vibaya kinakudanganya kila siku, ilhali kioo cha wastani kilichoshikwa vizuri kinakwambia ukweli, ingawa picha yake si ang'avu sana.

Pete mbili zinazojitegemea ndizo za kawaida. Ni nyepesi, bei yake inavumilika, na unaweza kuzisogeza mbele au nyuma mpaka darubini ikae panapokufaa. Udhaifu wake ni kwamba ni vitu viwili, na vitu viwili vinaweza kutofautiana. Chukua unywele wa kichwani, wenye unene wa karibu milimita 0.07. Pete zikiwa zimeachana sentimita 10, na moja ikawa juu ya mwenzake kwa unene huo tu, darubini imeshainama kwa sentimita 7 kwa kila mita 100. Kifundo cha kurekebishia, kile kinachosogeza msalaba wa kulengea, kitaufuta mwinamo huo bila shida. Ubaya ni kwamba unapokaza skrubu, bomba la darubini hulazimika kupinda ili lilale ndani ya pete zisizo sambamba, na bomba lililopinda halirudi pale pale unapozungusha kifundo mbele na nyuma.

Dawa zipo. Ya kwanza ni kuweka pete zote mbili juu ya reli ya kipande kimoja (kile kipande chenye mifereji kinachofungwa juu ya bunduki) badala ya vitako viwili vilivyotengana. Ya pili ni kuzisugua pete kwa ndani kwa fimbo ya chuma na unga wa kusagia mpaka ziwe mstari mmoja. Ya tatu, ambayo mimi naipenda zaidi kwa bunduki za zamani, ni pete za aina ya Burris Signature: ndani zina vikombe vya plastiki ngumu vinavyojigeuza vyenyewe kufuata bomba, kwa hiyo halipindwi wala halikwaruzwi. Pete zilizochongwa kwa mashine nzuri, zikikaa juu ya reli nzuri, usizisugue. Utaharibu kile ulichokilipia.

Kiti cha kipande kimoja ni bonge moja la alumini lenye makalio mawili yaliyochongwa kwa pamoja, kwa hiyo hayawezi kupishana. Viti vya Spuhr vya Sweden ndivyo vinavyotajwa sana kwa kazi ya mbali, na vingine vinakuja na mwinamo wake ndani tayari na pima maji ndogo iliyopachikwa. Bei ni kali, uzito unaongezeka, na huna uhuru wa kuachanisha pete. Jambo moja la kuangalia unapochagua: viti vingi vya aina hii vimenyooka kwenda mbele ya reli, kwa kuwa vilibuniwa kwa bunduki za nusu otomatiki za mtindo wa AR ambazo sehemu yake ya juu ni fupi. Kwenye bunduki ya bolti yenye reli ndefu huhitaji huo mnyooko. Chukua kilichosimama wima.

Cha kuchomoa ndicho nilichomshauri binamu. Talley hutengeneza pete zenye vishikio vya kukaza kwa mkono, na mafundi wa Ujerumani na Austria wana mila ndefu ya viti vya kugeuza na kung'oa. Mfumo wa makucha uliozaliwa Suhl, Ujerumani, hufungwa kwa mkono na fundi, na gharama yake inaweza kukaribia ya bunduki yenyewe. Faida yake si anasa. Lenzi ikipasuka siku ya pili ya safari ya siku kumi na nne, au mvua ikijaza ukungu ndani ya kioo, unaing'oa darubini na kubaki na vilengeo vya chuma vya juu ya mtutu. Na ukimfuata nyati aliyejeruhiwa ndani ya kichaka, darubini ya kukuza mara 4 inakuonyesha manyoya meusi tu, hujui ni bega au ni paja.

Nilimwambia aijaribu hivi: piga risasi tatu, ng'oa, rudisha, piga tatu nyingine, rudia mara tano kwenye karatasi ile ile. Yeye makundi yake ya matundu yalihama kama sentimita 2 kwa mita 100. Kwa nyati hilo ni sawa na hakuna kitu. Kwangu mimi, sentimita 2 kwa mita 100 ni sentimita 20 kwa mita 1,000, na kundi zima linatoka nje ya duara la alama kumi. Kwa hiyo kiti kile kile kinamfaa yeye na hakinifai mimi.

Neno moja kuhusu reli. Ile ya Picatinny ni kiwango cha jeshi la Marekani, MIL-STD-1913, cha mwaka 1995: mifereji yake ina upana wa milimita 5.23, na kutoka katikati ya mmoja hadi katikati ya mwingine ni milimita 10.01. Weaver ni ya zamani zaidi, mifereji yake ni milimita 4.57, na mpangilio wake hutofautiana. Pete za Weaver huingia kwenye Picatinny. Pete za Picatinny mara nyingi hazikubali kuingia kwenye Weaver. Bunduki nyingine, kama CZ 550 ambayo utaikuta kwenye kambi nyingi za uwindaji Afrika, hazihitaji reli kabisa, kwa sababu zina mbavu za kushikia pete zilizochongwa kwenye mwili wenyewe. Kwa .375 hilo ni jema sana: skrubu chache za kulegea.

Na kwa ndugu zangu wa ughaibuni wanaotaka kumpelekea jamaa zawadi: Marekani inadhibiti kwa sheria usafirishaji wa darubini za bunduki kwenda nje ya nchi. Usiitumbukize kwenye begi ukadhani ni kamera. Ulizia kibali kwanza, na mwenzako aulizie upande wa nyumbani.

Reli bapa au ya mwinamo

Hapa ndipo watu hununua kwa kuiga. Reli ya mwinamo wa MOA 20 (MOA ni kipimo kidogo cha pembe, nakieleza hapo chini) iko juu kidogo kwa nyuma kuliko mbele. Kwa reli ya sentimita 15 tofauti hiyo haifiki hata milimita moja, jicho haliioni. Kazi yake ni kuifanya darubini itazame chini kidogo ukilinganisha na mtutu, ili kifundo kibakiwe na hatua nyingi za kupandisha.

Hesabu yake ni rahisi ukiiweka hivi. Tuseme darubini yako ina jumla ya MOA 60 kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Ukiifunga juu ya reli bapa na kuweka ziro kwa yadi 100, yaani risasi ipige pale pale unapolenga, uko karibu na katikati: 30 juu, 30 chini. Risasi yangu ya .308 yenye uzito wa graini 175 inahitaji kama MOA 38 kufika yadi 1,000, kutegemea mtutu na hewa. Nane zimepungua. Ukiweka reli ya 20, unakuwa na 50 za kupanda na 10 za kushuka, na safari inawezekana.

Sasa chukua darubini ya kuwindia ya bomba la inchi moja yenye MOA 40 tu kwa jumla. Nusu yake ni 20. Ukiifunga juu ya reli ya mwinamo wa 20, zile zote za kushuka zimeliwa, na unaweza kushindwa kabisa kupata ziro ya yadi 100. Nimewaona watu wakirudisha darubini dukani wakidhani ni mbovu, kumbe ni reli.

Kwa hiyo: kama hutapita mita 400, chukua bapa na usifikirie tena. Kama unaenda 800 na kuendelea, chukua 20, na darubini yenye bomba la milimita 30 au 34 ambalo kwa kawaida lina nafasi zaidi ndani. Risasi ambayo njia yake imenyooka zaidi kama 6.5 Creedmoor, iliyotoka 2007, inadai hatua chache kuliko .308 kwa umbali ule ule, lakini reli ya 20 haimdhuru mtu mwenye darubini yenye nafasi. Upande mnene wa reli uelekee kwako. Ukiugeuza, umejipunguzia 20 badala ya kujiongezea.

MOA au mili

MOA ni dakika moja ya pembe, yaani sehemu ya sitini ya digrii. Mili ni sehemu moja katika elfu moja ya umbali wowote ule. Mili moja ni sawa na MOA 3.44.

| | MOA | Mili |
|---|---|---|
| Kipimo kimoja kwa mita 100 | sentimita 2.9 | sentimita 10 |
| Kipimo kimoja kwa yadi 100 | inchi 1.047 | inchi 3.6 |
| Hatua ya kifundo iliyozoeleka | robo MOA | sehemu ya kumi ya mili |
| Hatua moja kwa mita 100 | milimita 7.3 | milimita 10 |
| .308 hadi yadi 1,000, takriban | MOA 38, hatua 152 | mili 11, hatua 110 |

Usahihi wa risasi hautoki kwenye kipimo. Kinachotofautiana ni hesabu kichwani mwako na lugha ya watu unaopiga nao. Aliyekulia kwenye mita, kama wengi wetu tuliosoma Afrika Mashariki, mili inamwingia mara moja: mita 300, mili moja ni sentimita 30, basi. Kwenye mashindano ya Precision Rifle Series yaliyoanza 2012, wengi hutumia mili, na mwenzako akikuambia "upepo nukta sita" anamaanisha sehemu sita za kumi za mili. Kwenye F-Class, mchezo wa kupiga masafa kwa kulala ambao mimi nacheza, hali ni nyingine. Duara la kumi kwa yadi 1,000 lina upana wa inchi 10, na lile la katikati inchi 5. Robo MOA kwa umbali huo ni inchi 2.6, sehemu ya kumi ya mili ni inchi 3.6. Tofauti ya inchi moja ndani ya duara la inchi tano ina thamani, ndiyo maana wengi wetu tuna MOA, na wengine hata vifundo vya moja ya nane.

Jambo la lazima kuliko yote: alama za msalaba ndani ya darubini na hatua za kifundo ziwe kipimo kimoja. Darubini nyingi za zamani zilikuwa na nukta za mili ndani na vifundo vya MOA nje. Unaona risasi imepiga chini kwa mili moja na nusu, na sasa inabidi uzidishe kwa 3.44 wakati saa inakimbia. Hata kama ni ya bei nafuu, iache.

Binamu hahitaji kujua lolote kati ya haya. Darubini yake ina kofia juu ya vifundo, akishaweka ziro anazifunga, na hazifunguliwi mpaka msimu mwingine.

Msalaba wa mbele au wa nyuma

Msalaba ukikaa mbele ya kifaa cha kukuza, unakua na kusinyaa pamoja na picha, kwa hiyo alama zake ni za kweli kwa ukuzaji wowote. Ukikaa nyuma, unabaki na unene ule ule, na alama zake ni za kweli kwa ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule wa juu kabisa. Kama ule wa juu ni mara 24, ukishuka hadi 12, alama ya mili moja inafunika mili mbili.

Anayebadilisha umbali na ukuzaji kila dakika achague wa mbele. Anayekaa umbali mmoja wenye duara dogo, kama mimi, wa nyuma unampa uzi mwembamba usiofunika shabaha. Na mwindaji wa jioni, giza likianza kuingia, akiwa amekuza mara moja na nusu tu, wa nyuma ndio wake, maana ule wa mbele kwa ukuzaji mdogo hubaki kama uzi wa buibui.

Kuinyoosha: pima maji, fila au timazi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu paliniponza msimu mzima.

Darubini yangu ya kwanza ya masafa niliipeleka duka moja wakanifungia. Kwa yadi 100 ilikuwa inatoboa tundu juu ya tundu. Kwa 600 ilikuwa kulia kwa upana wa kiganja. Kwa 1,000 ilikuwa kulia kwa zaidi ya nusu mita. Nililaumu upepo, nikalaumu risasi, nikalaumu pumzi zangu, nikanunua kitabu cha kuandikia upepo. Mzee mmoja wa pale uwanjani ndiye aliyeniambia nitazame kamba ya timazi kupitia darubini huku bunduki ikiwa imenyooka. Msalaba wangu ulikuwa umeinama kulia kwa digrii kama tatu.

Fanya hesabu uone. Ukipandisha MOA 38 kwa njia iliyoinama digrii tatu, karibu MOA 2 zinakwenda pembeni. Kwa yadi 1,000 hizo ni sentimita 53. Hata digrii moja peke yake ni sentimita 17 au 18, na digrii moja jicho la mtu haliioni. Kwa yadi 100 hakuna kinachoonekana, kwa sababu hapo hujapandisha kitu. Ndiyo maana kosa hili hujificha.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni pima maji mbili ndogo: moja juu ya reli, nyingine juu ya kifuniko cha kifundo. Ni rahisi, ni ya haraka, na mimi siiamini sana, kwa sababu kifuniko cha kifundo hakina wajibu wa kuwa sambamba na msalaba ulio ndani. Pima maji za bei ndogo nazo hutofautiana; ziweke zote mbili mahali pamoja kwanza uone kama zinakubaliana.

Ya pili ni fila, zile bati nyembamba ambazo mafundi magari hupimia nafasi ya plagi. Unazipanga kati ya reli na tumbo bapa la darubini, unaongeza moja moja mpaka tumbo linyooke na reli, kisha unakaza. Hii ni nzuri kuliko ya kwanza, ila inadai tumbo bapa lililochongwa vizuri na nafasi ya kutosha chini yake. Wapo wanaouza kabari maalumu kwa kazi hiyo hiyo.

Ya tatu ni timazi. Ning'iniza kamba yenye uzito mita ishirini au thelathini mbele, mahali pasipo upepo, ichovye jiwe lake kwenye ndoo ya maji ili litulie. Nyoosha bunduki kwa pima maji iliyo juu ya reli, kisha zungusha darubini ndani ya pete zilizolegea mpaka uzi wa wima wa msalaba ulale juu ya kamba. Hii ndiyo njia pekee kati ya zote tatu inayopima msalaba wenyewe, na kamba na jiwe havikugharimu chochote.

Kuna jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Kinachoamua si kama bunduki imenyooka, ni kama msalaba umenyooka na mvuto wa dunia wakati unapopiga. Bunduki yenyewe ikiinama digrii tatu chini ya msalaba ulionyooka, na darubini ikiwa inchi mbili juu ya mtutu, utakosa kwa takriban inchi moja tu kwa yadi 1,000. Mimi nilikuwa na pima maji juu ya reli, nikaitii kwa uaminifu, nayo ikawa inanyoosha bunduki na kuacha msalaba umeinama. Ukifunga pima maji ya kudumu, ifunge kwenye bomba la darubini, uiweke sawa na msalaba.

Binamu? Kwa mita 150, digrii mbili hazimhusu. Aangalie kwa jicho lake, akiridhika akaze.

Jicho na kukaza

Umbali kutoka lenzi hadi jicho kwa kawaida ni sentimita 8 hadi 10. Mpiga shabaha aliyelala kichwa chake huenda mbele, kwa hiyo darubini isogezwe mbele kidogo. Aliyesimama kichwa hurudi nyuma. Ipime katika mkao utakaopigia, na kwa ukuzaji mkubwa kabisa: funga macho, weka shavu, fungua. Ukiona kivuli cheusi pembeni, sogeza. Kwa .375 usicheze na hili, maana ikipiga teke lenzi itakuchana nyusi. Nilimwambia binamu atafute darubini ya ukuzaji mdogo yenye nafasi ya sentimita 9 au zaidi, na aijaribu akiwa amesimama na koti la kazi mwilini.

Kabla ya kukaza pete chini, zisukume mbele kuelekea mdomo wa mtutu mpaka zigote kwenye ukuta wa mfereji. Teke likija bunduki inarudi nyuma na darubini inataka kubaki, basi ikute imeshagota. Skrubu za juu za pete nyingi hutaka pauni-inchi 15 hadi 18, yaani kama nyutoni-mita 1.7 hadi 2. Nati kubwa za pembeni za pete nzito hufika 65, yaani 7.3. Karatasi ya mtengenezaji ndiyo yenye neno la mwisho. Mkono mtupu hukaza mara mbili ya hapo bila kujua, na dalili yake ni pete ya kukuza kuwa ngumu. Nunua spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, hata ndogo. Kaza kimshazari, kidogo kidogo, huku nafasi za pande mbili zikibaki sawa. Gundi ya skrubu weka kwenye skrubu za reli, si za juu ya pete.

Ziro ya wapi, na jaribio la kimo

Kuanza, toa bolti, tazama shabaha ya mita 50 kupitia ndani ya mtutu, kisha leta msalaba hapo. Kifaa cha leza hufanya hivyo hivyo na kinafaa bunduki ambayo huwezi kuchungulia nyuma. Vyote viwili vinakufikisha kwenye karatasi tu.

Mpiga masafa aweke ziro yadi au mita 100. Kwa umbali huo joto na mwinuko havigusi chochote cha maana, kwa hiyo ziro ya Ohio inabaki ziro popote, na kila kitu kingine unakipandisha kutoka hapo. Mwindaji wa .308 au .30-06 asiyetaka kuzungusha vifundo anafaidi zaidi kwa 200: risasi itakuwa kama inchi 2 juu kwa yadi 100, na inchi 8 au 9 chini kwa 300, kwa hiyo analenga katikati na kupiga mpaka mita mia mbili na kitu. Kwa .375 ya kichakani, mita 100 inatosha, na vilengeo vya chuma navyo viwekewe ziro yake kivyake, kwa sababu siku utakayovihitaji hutakuwa na muda.

Baada ya ziro, mwenye kwenda mbali afanye jaribio moja kabla ya kuamini kitu. Tundika ubao mrefu mita 100 kamili, pima kwa utepe, usikisie. Chora mstari wa wima kwa timazi, mita moja na zaidi. Piga risasi tano kwenye nukta ya chini, pandisha mili 10, lenga nukta ile ile, piga tano. Kundi la pili liwe mita moja kamili juu ya la kwanza, na liwe juu ya mstari. Likiwa sentimita 98, kifundo chako kinakosea kwa asilimia 2, ambayo kwa mili 11 mita 1,000 ni sentimita 22 chini. Hiyo unaweza kuiingiza kwenye hesabu zako ukaishi nayo. Likiwa pembeni ya mstari, legeza pete urudi kwenye timazi. Ukirudisha kifundo kwenye sifuri na risasi zisirudi mahali pake, kaza upya kila kitu kwa spana ya toki na ujaribu tena. Zikigoma mara ya pili, darubini ndiyo mbovu.

Binamu alinitumia picha nyingine wiki iliyopita. Darubini iko juu ya CZ yake kwa pete za kuchomoa, kofia za vifundo zimefungwa, na kwenye mkanda wa bunduki ameshona kifuko kidogo chenye ufunguo wa skrubu na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: "Mita 100. Pauni-inchi 18. Risasi 40 tangu kukaza."